Daftari la Zamu

Lori lilikuwa likifika usiku. Tarehe 10 Machi 1921 Giacomo Matteotti, mbunge wa Kisoshalisti, alisimama bungeni Roma kuwaeleza wenzake mambo yalivyokuwa yakienda katika vijiji vya kwao Polesine, kaskazini mwa Italia. Watu ishirini, pengine mia, wanashuka na bunduki, wanaizingira nyumba ya kiongozi wa chama cha vibarua, wanamwita atoke. Asipotoka, nyumba itachomwa na mkewe na watoto wakiwa ndani. Basi anatoka. Anafungwa kamba, anarushwa ndani ya lori, anapelekwa mahali pasipo na mtu na kuteswa. Kukipambazuka anakutwa uchi, amefungwa kwenye mti.

Siku mbili baada ya hotuba hiyo, Matteotti mwenyewe alitekwa na mashati meusi, yaani vikosi vya mafashisti, huko huko mkoani kwake.

Toleo hili la jarida linaanza na swali moja kuhusu lori lile: lilikuwa la nani, na petroli yake ilinunuliwa na nani?

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vita vilikwisha, watu wakawa na njaa, akatokea msemaji hodari, umati ukamfuata. Tarehe hazikubaliani na maelezo hayo. Benito Mussolini alianzisha vuguvugu lake la kifashisti Milano tarehe 23 Machi 1919, na programu yake ilikuwa na mengi ya kumvutia mnyonge: siku ya kazi ya saa nane, kura kwa wanawake, kodi nzito juu ya mitaji, kutwaa faida zilizochumwa na waliofanya biashara ya vita. Novemba ya mwaka huo ukafanyika uchaguzi. Bei ya mkate ilikuwa juu, askari walikuwa wamerudi bila kazi, na Mussolini akapata kura zisizofika 5,000 katika Milano nzima. Hakupata hata kiti kimoja. Wasoshalisti walipata viti 156. Kwa hiyo wenye njaa walikwisha kuchagua, na hawakuchagua ufashisti.

Mwishoni mwa 1920 vuguvugu lilikuwa na wanachama kama 20,000. Mwaka mmoja baadaye walikuwa zaidi ya 200,000. Anayetaka kujua kilichotokea katikati hana budi kutoka Milano na kuteremka mashambani, kwenye bonde la mto Po.

Ni nchi tambarare: Bologna, Ferrara, Rovigo, Cremona. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa vinamasi vilivyokaushwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa majembe ya watu wa kulipwa kwa siku, kisha ikalimwa ngano na viazi vya sukari chini ya wamiliki wakubwa na makampuni. Waliochimba mifereji walibaki pale pale bila ardhi. Kwa Kitaliano waliitwa braccianti, kutokana na neno la mikono, yaani watu ambao mali yao yote ni mikono yao miwili. Kiswahili kimemtazama mtu huyo huyo kwa upande mwingine. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichokuwa akipewa mfanyakazi wa kutwa ili ahesabiwe. Huku ametajwa kwa mikono yake, huku kwa karatasi yake, na mambo mawili hayo ndiyo yaliyogombewa kwenye bonde la Po.

Kazi ilikuwa tele wakati wa mavuno. Wakati wa baridi ilikuwa hakuna, na familia ilikula kwa mkopo wa dukani hadi majira ya kuchipua. Ndiyo maana vyama vya vibarua, vilivyounganishwa tangu 1901 katika shirikisho la Federterra, havikuishia kudai nyongeza ya mshahara. Vilidai daftari. Ofisi ya ajira iwe mikononi mwa chama, majina yaandikwe, kazi itolewe kwa zamu, ili msimamizi wa shamba asiweze kumruka aliyeongoza mgomo mwaka jana na kumchukua shemeji yake. Kisha kila shamba, kwa kadiri ya ukubwa wake, lilazimike kuajiri idadi fulani ya watu hata wakati wa baridi, wa kuzibua mifereji na kupogolea miti.

Kwa mwenye shamba hilo lilikuwa zito kuliko nyongeza yoyote. Nyongeza huliwa na bei zikipanda. Daftari likishaondoka mezani kwake, ardhi bado ni yake kwa hati, lakini nani aingie shambani na wangapi huamua mtu mwingine.

Haki inataka isemwe pia kwamba vyama hivyo vilikuwa na mkono mgumu. Mvunja mgomo alisusiwa, na huenda hata muuza mkate akakataa kumuuzia. Mkulima mdogo mwenye shamba la kupanga alikatazwa kusaidiana kazi na jirani yake kama walivyozoea tangu kwa babu zao, kwa kuwa kila siku ya msaragambo ilihesabiwa kuwa siku moja aliyonyang'anywa kibarua. Wengi wa wakulima hao walikuwa wamejinyima miaka mingi na ndiyo kwanza wamenunua ekari chache baada ya vita. Walisikia viongozi wa Kisoshalisti wakihubiri kwamba ardhi yote itakuwa ya umma. Ufa uliopitisha adui ulianzia hapo, na makala mojawapo ya toleo hili inaufuatilia bila kuwaonea haya Wasoshalisti.

Mwaka 1920 ndio uliojaza kikombe. Septemba mafundi wa vyuma zaidi ya 400,000 waliingia viwandani na kuvishika, na Waziri Mkuu Giovanni Giolitti akangoja wachoke badala ya kupeleka jeshi. Wenye viwanda hawakumsamehe. Katika chaguzi za mitaa za majira hayo Wasoshalisti walitwaa halmashauri zaidi ya 2,000, zikiwa na mamlaka ya kutoza kodi za ardhi. Oktoba, baada ya mgomo wa miezi mingi mkoani Bologna uliofanya sehemu kubwa ya mavuno kuharibika, wamiliki wa mashamba walisaini mkataba uliokubali karibu madai yote ya vibarua.

Hazikupita wiki nne. Tarehe 21 Novemba 1920 meya mpya wa Kisoshalisti wa Bologna alipokuwa akishika madaraka katika jumba la Palazzo d'Accursio, mafashisti walishambulia, risasi zikalia, watu kama kumi wakafa uwanjani na diwani mmoja wa upinzani akauawa ndani ya ukumbi. Toka siku hiyo malori yakaanza kutembea.

Jibu la swali la petroli limo katika mwendo huo. Vyama vya wamiliki wa mashamba viliwachangisha wanachama wao, na fedha zikaenda kwa vikosi. Vijana wa kupanda malori hawakukosekana: maofisa wa akiba walioamuru watu vitani na sasa wakarudi kutafuta ukarani, wanafunzi wa vyuo, wana wa mawakili na wenye maduka. Gharama za maisha zilikuwa zimepanda karibu mara nne tangu 1914. Karani wa serikali aliyelipwa mshahara usiosogea alimwona fundi wa kiwanda, mwenye chama cha kumpigania, akimkaribia kwa kipato. Hofu yake ilikuwa ya mtu aliye ngazi ya tatu akisikia ngazi inatikisika. Italo Balbo alikuwa na miaka 24 alipokabidhiwa vikosi vya Ferrara mapema 1921. Alikuwa ofisa wa vita aliyemaliza shahada, hana kazi ya maana, na wamiliki wa mashamba walimpa kazi.

Malori yenyewe, mara nyingi Fiat 18 BL yaliyobaki vitani, yalibeba marungu, mapipa ya petroli na mafuta ya nyonyo. Mafuta yale yale ambayo kwetu hupakwa nywele, kiongozi wa vibarua alimiminiwa kinywani kwa nguvu, chupa nzima, kisha akaachiwa atembee kijijini kwake mbele ya watoto wake akijiharishia. Walitaka kuiua heshima yake, maana uongozi wake wote ulisimama juu ya heshima. Angelo Tasca, mwanahistoria aliyeyaishi mambo haya, alihesabu yaliyobomolewa katika miezi sita ya kwanza ya 1921: mabaraza ya wafanyakazi 119, vyama vya ushirika 107, ofisi za vyama vya wakulima 83, na mengine mengi hadi jumla ya 726. Maktaba zimo.

Takwimu moja huwachanganya wasomaji. Novemba 1921 chama kilipohesabu kazi za wanachama wapatao 151,000 kati ya wanachama wake wote, kundi kubwa kabisa lilikuwa wafanyakazi wa mashambani, karibu 37,000. Wamiliki wa ardhi walikuwa 18,000 na wanafunzi karibu 20,000. Je, ufashisti haukuwa basi wa wanyonge? Tazama jinsi ilivyokuwa Ferrara. Ofisi ya chama cha vibarua imechomwa, daftari limeungua nayo, na wiki ijayo kunafunguliwa ofisi ya chama cha kifashisti ambayo mwenye shamba amekubali kuchukua watu kutoka kwake peke yake. Wamiliki wachache walitoa hata vipande vya ardhi vikodishwe, kuonyesha kwamba upande huu kuna kitu. Mwenye watoto wanne na baridi mlangoni alikwenda kujiandikisha. Jina lake limo katika ile 37,000.

Dola ilikuwa wapi? Julai 1922 Balbo alimtaka mkuu wa polisi wa Ravenna ampe malori, akapewa, na kwa malori hayo akapita mkoani humo mchana na usiku akichoma nyumba na ofisi za Wasoshalisti. Ameandika mwenyewe katika shajara yake. Giolitti alikwisha kuwaingiza mafashisti katika orodha yake ya uchaguzi wa Mei 1921 akidhani atawafuga. Walipata viti 35. Kwa viti hivyo 35 katika bunge la watu zaidi ya 500, Mussolini alifanywa waziri mkuu Oktoba 1922, baada ya mfalme kukataa kusaini amri ya hali ya hatari ya kuwazuia mafashisti. Bunge likampa imani kwa kura 306 dhidi ya 116. Waliopiga kura hizo 306 wengi walikuwa waliberali na wakatoliki waheshimiwa.

Malipo hayakuchelewa. Waziri wa fedha Alberto De Stefani aliuza simu za serikali kwa makampuni na mwaka 1923 akafuta kodi ya urithi ndani ya familia. Oktoba 1925 shirikisho la wenye viwanda likakubali kujadiliana na vyama vya kifashisti tu. Aprili 1926 mgomo ukawa kosa la jinai. Mwaka uliofuata mishahara ilikatwa kwa kati ya asilimia 10 na 20.

Ujerumani ilipita njia nyingine, na kosa la waandishi wengi ni kuifanya Italia ya pili. Huko wenye viwanda vikubwa, ukimtoa Fritz Thyssen na wachache kama yeye, walisaidia zaidi vyama vya kihafidhina hadi mwisho mwisho. Waliombeba Hitler kwanza walikuwa watu wa tabaka la kati. Katika Schleswig-Holstein, mkoa wa wakulima wenye ng'ombe na nguruwe, bei za mifugo zilianguka na mabenki yakaanza kunadi mashamba. Chama cha Hitler kilichopata asilimia 4 mwaka 1928 kilipata 51 Julai 1932. Programu yake ya 1920 ilikuwa imeahidi kutwaa ardhi bila fidia kwa manufaa ya umma. Aprili 1928, kura za wakulima zikiwa zinatafutwa, Hitler alitoa ufafanuzi: mali binafsi ni salama, na kifungu kile kinahusu makampuni ya Kiyahudi ya ulanguzi wa ardhi. Hasira ya mdaiwa iligeuzwa kutoka kwa benki na kuelekezwa kwa jirani. Wanaosema habari za tabaka haziwezi kueleza chuki dhidi ya Wayahudi wana hoja, maana chuki hiyo ilikuwa na umri mrefu kuliko mgogoro wa uchumi wa 1929. Lakini kifungu hicho kinaonyesha ilivyofanyishwa kazi.

Uchaguzi wa Novemba 1932 ulifanyika katika mwaka ambao wasio na kazi walikuwa wamepita milioni sita. Ndani yake Wasoshalisti na Wakomunisti kwa pamoja walipata viti 221, Wanazi 196, pungufu ya Julai. Vyama viwili vya wafanyakazi vilikuwa vikitukanana. Tarehe 4 Januari 1933 Hitler na kansela wa zamani Franz von Papen walikutana nyumbani kwa mwenye benki Kurt von Schröder mjini Cologne, na mwezi haukwisha Hitler akawa kansela. Tarehe 20 Februari wenye viwanda kama 25 waliitwa kwa Hermann Göring, mmoja wa mawaziri wa Hitler, na mfuko wa mamilioni ya maki ukafunguliwa. Pochi ya Kijerumani ilifunguka mlango ulipokwisha kufunguliwa. Tarehe 2 Mei ofisi za vyama vya wafanyakazi zilivamiwa nchi nzima.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, aliliona jambo hilo katika kitabu chake cha 1972 kuhusu Ulaya na maendeleo duni ya Afrika: aliuweka ufashisti katika familia moja na ukoloni. Mussolini alipoishambulia Ethiopia Oktoba 1935, aliwaahidi wasio na ardhi wa Italia mashamba ya Waethiopia. Ardhi ya bonde la Po haikuguswa.

Lakini kuna maswali ambayo hoja hii peke yake haiyamalizi. Uingereza ilikuwa na mamilioni wasio na kazi na mashati meusi ya Oswald Mosley hayakushinda. Ukosefu wa kazi hautoshi, wala fedha za matajiri hazitoshi. Lazima pawepo pia chombo cha wafanyakazi chenye nguvu ya kutisha na kisicho na nguvu ya kushinda, tabaka la kati linaloteleza, na polisi anayetoa malori. Makala zinazofuata zinabishana juu ya uzito wa kila kimoja, na jarida hili limeziacha zibishane.

Matteotti, mwana wa familia yenye mashamba aliyewachagua vibarua, aliuawa Roma tarehe 10 Juni 1924. Miaka mitatu baadaye, tarehe 21 Aprili 1927, serikali ilitangaza Mkataba wake wa Kazi. Kifungu cha 23 kinarudisha ofisi za ajira, pamoja na daftari la majina. Mwajiri analazimika kuchukua watu kutoka humo, ila anaruhusiwa kuchagua, na wanaotangulizwa ni wanachama wa chama cha kifashisti na vyama vyake vya wafanyakazi, kwa kufuata nani alijiandikisha mapema zaidi.