Kioo Badala ya Unga

Mwaka 1983 Wajapani wa Fuji walileta bamba la eksirei lisilotaka filamu. Limepakwa unga wenye bariamu. Eksirei ikipita mwilini, unga huiweka picha kama akiba. Kisha mwanga mwembamba mwekundu wa leza hupitishwa juu yake, nao unga hutoa mwanga wa buluu unaosomwa na mashine. Ajabu kweli! Lakini unga huutawanya mwanga wa leza, kama taa ndani ya ukungu, na picha hufifia. Nani ataumia? Mama mwenye saratani changa ya titi, kwani dalili yake huweza kuwa chembe za chokaa ndogo mno.

Ndipo wataalamu wa Paderborn, Ujerumani, wakajaribu kioo. Hukipasha moto mpaka chembe za bariamu ziote ndani yake, ndogo hata mwanga hupita bila kutawanyika. Taabu ni moto wenyewe, na aliyepata kuchoma matofali ataelewa: ukipungua, chembe hung'aa kidogo, ukizidi, zakua, na kioo chawa cheupe kama maziwa. Tena unyevu hukiharibu.