Nani Amemfungulia Mtafiti Geti?

Mtafiti wa kike anayetaka kujua wanawake wa Kidatu wananufaikaje na miwa huanzia kwa wanaume. Barua yake hushuka kutoka mkoani Morogoro hadi wilayani, kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Kwenye kiwanda cha sukari hupokewa na meneja. Kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa nje, yaani wanaokiuzia kiwanda miwa ya mashamba yao, hupokewa na mwenyekiti. Aghalabu wote ni wanaume, na ndio wanaomchagulia wa kuzungumza naye. Mke wa mkulima akiona mgeni kaletwa na katibu wa chama kilekile kinachoshughulikia malipo ya miwa ya mumewe, atasema mambo ni mazuri tu.

Njia hiyo, kwa maoni yangu, ni sehemu ya matokeo na iandikwe kwenye matokeo. Fedha ya miwa huingia kwenye akaunti ya aliyesajiliwa, mara nyingi mume, hata kama palizi amefanya mke. Watafiti Helen Dancer na Emmanuel Sulle walichambua mwaka 2015 suala la jinsia katika miwa ya Kilombero, eneo ambamo Kidatu ipo. Katika utafiti wowote wa aina hiyo, nani anajibu, mbele ya nani, ndilo linaloamua tutajua nini kuhusu fedha hiyo.

Wapo wanaosema kuiandika njia ya mtafiti ni kujitazama kwenye kioo, na wana hoja. Nimechoshwa na tasnifu ambamo hisia za mtafiti zinajaza kurasa huku mkata miwa hasikiki. Sentensi inayomhusu mtafiti ibaki pale tu inapobadilisha uzito wa ushahidi. Mwenyekiti akimwita "binti" na kumweleza taratibu kwa nini wanawake "hawajitokezi" kugombea uongozi, neno hilo na upole huo ni data: ndivyo ofisi inavyowaona wanawake.

Uanamke pekee haufungui milango. Msomi kutoka Dar es Salaam yuko karibu zaidi na meneja kuliko na mama anayepalilia kwa kibarua. Mtafiti Marjorie Mbilinyi alilikabili hilo mapema: katika insha yake ya mwaka 1989 kuhusu maisha ya Rebeka Kalindile, mwanamke mkulima wa Rungwe, aliuweka uhusiano wao wenyewe mezani, pamoja na siasa na kazi ya kuitengeneza simulizi ile.

Wasimamizi wa tasnifu wadai uwazi huohuo katika utafiti wa Kidatu. Zaidi ya hapo, kabla kazi haijajalidiwa, isomwe kwa Kiswahili mbele ya wanawake wapaliliaji, viongozi wa chama wakiwa hawapo, na wanayoyapinga yaingizwe.