Mezani, Kisu Kina Haki Kuliko Upawa

Katika nyumba nyingi za Kisangani nyama hugawanywa kwa cheo. Baba hupewa vipande vinono, mgeni akiwepo hufuata, halafu vijana wa kiume, na ndipo upawa unapowafikia wasichana na watoto wadogo, ukiwa na mchuzi mwingi na nyama ya kutafuta. Mama aliyepika hula mwisho, mara nyingi akikomba sufuria. Firigisi ya kuku haina mjadala: ni ya baba. Nimelelewa katika utaratibu huo, nikaolewa ndani yake, na sijaona anayeufuata kwa nia mbaya. Ni desturi. Lakini desturi inayomnyima nyama mtoto anayekua na mama anayenyonyesha, ikampa mtu mzima ambaye mifupa yake ilikwisha kukomaa, lazima iulizwe maswali. Mimi nauliza hapa gazetini kwa sababu jikoni kwangu Mangobo nimekwisha kupata jibu.

Jibu langu ni pai ya nyama, ile nzito ya kushibisha, inayookwa nyumbani na kukatwa mezani watu wote wakiona.

Katika mchuzi, nyama ni vipande vya kuhesabu, na anayeshika upawa ndiye hakimu. Hata akitaka kutenda haki, vipande havilingani: hiki kina mfupa, kile kina mafuta, hiki kimebaki chini. Katika pai nyama imekatwa ndogondogo na kuenea kila mahali. Ukiigawa pai katika sehemu nane, kila mmoja amepata nyama yake, na hakuna wa kukodolea macho sahani ya mwenzake. Nyumbani kwangu tumeongeza sheria moja: anayekata huchagua mwisho. Hapo hata mtoto wa miaka kumi akipewa kisu, atakata kwa uangalifu mkubwa, maana anajua kipande kidogo kitakuwa chake.

Hili si jambo la adabu ya mezani tu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2013–2014 ulionyesha kwamba asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini Kongo walikuwa wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Udumavu huo una sababu nyingi: maji machafu, malaria, minyoo, umaskini. Sahani iliyojaa wanga na mchuzi mtupu ni mojawapo ya sababu hizo, na hiyo iko mikononi mwetu. Nyama ina madini ya chuma ambayo mwili huyachukua kwa wepesi kuliko yale ya majani na maharagwe. Zaidi ya hapo, nyama kidogo ikiliwa pamoja na lengalenga au maharagwe huusaidia mwili kuchukua na chuma cha mboga hizo. Kwa hiyo mtoto hahitaji mnofu mkubwa. Anahitaji nyama kidogo katika kila tonge, na pai hufanya hivyo bila kumwomba mtu ruhusa.

Najua pingamizi la kwanza. Watu watasema pai ni chakula cha wazungu, inataka unga wa ngano, siagi na oveni ya umeme. Tuyatazame moja moja.

Ngano haioti Kisangani. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwenye mita kama mia nne tu juu ya bahari, katika joto na mvua ya msitu. Unga tunaokula unaanza safari yake ng'ambo, ngano inashuka bandarini Matadi, inasagwa, inafika Kinshasa, halafu inapandishwa kwenye mashua kupambana na mkondo wa mto kwa zaidi ya kilomita 1,700. Mwingine unakuja kwa malori upande wa mashariki, kupitia Ituri na Kivu, kwa barabara ambayo mvua na vita huifunga vitakavyo. Vita vilipozuka Ukraine mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda dunia nzima, na mama wa Kisangani ambaye hajawahi kuiona Ukraine hata kwenye ramani akalipa. Sitaki chakula changu cha Jumapili kiwe mateka wa safari hiyo.

Tunalo ganda letu la pai. Tunayo lituma. Kwa msomaji wa mbali nitasema kwamba lituma ni makemba, zile ndizi kubwa za kupika, yaliyochemshwa na kutwangwa yakiwa ya moto mpaka yakawa donge moja laini linalovutika. Hapa Kisangani tunaila na sombe, na maharagwe, na samaki. Makemba yanatoka vijiji vya pande zote za mji. Asubuhi utaona toleka zikiingia sokoni zimesheheni mikungu mpaka mwendeshaji anasukuma baiskeli kwa miguu, na mitumbwi ikivuka kutoka Lubunga na mizigo hiyo hiyo. Bonde la Kongo ni moja ya maeneo yenye aina nyingi zaidi za ndizi hizi duniani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamefanya kazi ya kuzikusanya na kuzitambua. Utajiri huo tumeuzoea mno hata tunaiona lituma kuwa ya kusindikiza tu, wakati inaweza kubeba mlo mzima.

Wala hatutakuwa wa kwanza kuvika nyama kwa chakula cha kutwanga. Wafaransa wana mlo wa nyama iliyofunikwa na viazi vilivyopondwa, nao wameuita kwa jina la Parmentier, mtaalamu wa karne ya 18 aliyewashawishi watu wake wale viazi wakati wengi wao walividharau. Kiazi chenyewe kilitoka Amerika. Sisi nasi tuna mihogo iliyotoka Amerika, na mpunga ulioletwa mashariki mwa Kongo na wafanyabiashara wa pwani, watu wa enzi za Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls, yaani eneo letu hili, mwaka 1887. Leo nani atathubutu kusema wali si chakula cha Kisangani? Chakula huwa cha mahali kinapopikwa kwa vitu vya mahali hapo, na watu wakakipenda.

Sasa niseme ninavyofanya, maana maoni ya chakula bila sufuria hayana uzito.

Kwa watu wanane nachukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, ya shingo au ya muundi. Ni nyama ngumu, lakini ndiyo yenye ladha, na ule utando wake ukipikwa polepole huyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Naikata kwa kisu vipande vidogo kama punje ya mahindi. Sisagi, kwa sababu nataka mlaji aijue nyama mdomoni. Naikaanga kwa mawese mpaka ipate rangi, natia vitunguu vingi, kitunguu saumu, seleri, nyanya, chumvi na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Maji yafunike nyama tu. Inachemka kwa moto mdogo karibu saa mbili. Ikilainika, naongeza kikombe cha maharagwe yaliyokwisha kuiva na fungu la lengalenga lililochemshwa na kukamuliwa barabara. Hapa ndipo pa kuwa macho: mchuzi ukiwa mwepesi, ganda litalowa na pai itabomoka. Napitisha mwiko katikati ya sufuria. Nikiona chini ya sufuria kwa muda kabla mchuzi haujarudi kufunika njia, nyama iko tayari. Natoa pilipili, naiacha nyama ipoe.

Makemba nanunua manane makubwa, yaliyoanza kugeuka rangi, yasiwe mabichi kabisa wala ya njano. Mabichi hutoa ganda kavu lenye kupasuka, na yaliyoiva hutoa ganda tamu lisiloshikamana. Nayachemsha kwa nusu saa hivi, nayamwaga maji, natwanga papo hapo kwenye kinu na chumvi, bila tone la maji. Kisha nachota mawese yale mazito yaliyotuama chini ya bidoni, vijiko viwili, na kutwanga tena mpaka donge liwe na rangi ya machungwa na lisigande kwenye mchi. Mawese hayo mazito ndiyo siagi yetu. Hayamwonei aibu mtu yeyote, maana elimu ya mchikichi ina deni kwa mkoa huu: kituo cha utafiti cha Yangambi, kilicho kando ya mto chini ya Kisangani, ndiko watafiti walikoeleza mwaka 1941 jinsi ya kuzalisha mchikichi wa tenera, wenye nyama nyingi na kifuu chembamba, unaopandwa leo katika mashamba makubwa ya Asia na Amerika. Na rangi ile nyekundu ya mawese ni chanzo cha vitamini A.

Lituma haingoji. Ikiwa ya moto inatii mkono, ikipoa inakakamaa. Naweka majani ya mangongo ndani ya sufuria, yale yale tunayofungia liboke, nikiwa nimeyapitisha juu ya moto yalegee. Nalowesha mikono, natandaza theluthi mbili za lituma chini na ubavuni kwa unene wa kidole, namimina nyama, nafunika kwa lituma iliyobaki na kubana ukingo kwa vidole.

Oveni? Mtambo wa umeme wa maporomoko ya Tshopo uko hapa hapa mjini, lakini familia nyingi hazina umeme wa kutegemea, na zenye umeme nyingi hazina oveni. Tunayo mbabula, jiko letu la makaa, yale tunayoyaita makala. Naacha makala machache chini, nafunika sufuria kwa kifuniko cha bati kilicho bapa, na juu yake napanga makala mengi yanayowaka. Moto mkubwa uwe juu, mdogo uwe chini. Ukigeuza utaratibu huo utaunguza chini na juu patabaki pamepauka. Baada ya dakika arobaini na tano hivi uso unakuwa na rangi ya hudhurungi na harufu ya ndizi ya kuchoma inajaa ua. Naiinua pai kwa kushika majani, naiweka kwenye sinia, na kuiacha robo saa. Watoto hulalamika, lakini muda huo ni wa lazima: ndizi ikipoa kidogo inajishika, na kisu kinapita bila kubomoa kitu.

Pingamizi la pili ni la makala. Ni kweli, saa tatu za moto si mchezo, na kila gunia linatoka kwenye msitu wetu. Ndiyo maana nyama inaiva kwa moto mdogo kwenye mbabula ambayo maharagwe yameiacha, na makala yaliyochemsha makemba ndiyo yanayopanda juu ya kifuniko. Msitu huo huo ndio unaonifanya nisiweke nyama ya pori katika pai hii, ingawa soko letu linayo tele. Ng'ombe wanaoletwa kutoka Ituri, mbuzi na nguruwe wa kufugwa wanatutosha, na kwa kuwa pai inataka nyama kidogo, hata mfuko mdogo unamudu.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na husemwa kwa sauti ya chini: heshima ya baba iko wapi? Mume wangu alipoona vipande vilivyo sawa aliniuliza, "Mama, na changu ni kipi?" Nikamwambia, "Papa, ni kile kinacholingana na cha watoto wako." Alinyamaza, akala. Sasa yeye ndiye anayeshika kisu siku za Jumapili, naye huchagua wa mwisho. Sijaona heshima yake ikipungua. Watoto wanamwona akiwahakikishia haki yao kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamume anayetaka kuheshimiwa mezani hana kiti bora kuliko hicho.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Walimu wa mapishi katika shule zetu wafundishe pai ya lituma, kwa mbabula na si kwa picha ya oveni ambayo mwanafunzi hataikuta kwao. Akina mama wenye malewa, vile vibanda vya chakula, waiuze kwa kipande, ili mfanyakazi na mwanafunzi wale nyama, maharagwe na mboga kwa mara moja. Na ninyi akina baba, Jumapili hii ombeni kisu. Kateni sawa, wapeni watoto na mama yao wachague, kisha chukueni kitakachobaki. Kitakuwa kikubwa kama cha kila mtu.