Sikio la Malko



Usiku ule wa Gethsemane, Petro alikuwa na sababu ya kuchomoa upanga: Bwana wake alikuwa anakamatwa bila kosa. Lakini aliyejeruhiwa hakuwa kuhani mkuu. Alikuwa Malko, mtumwa wake (Yohana 18:10). Yesu akamzuia Petro, kisha akaliponya sikio la mtumwa yule (Luka 22:51).

Ndivyo vita vilivyo. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani, pale ufukweni Mji Mkongwe, kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa, wakiwamo watumishi na watumwa. Ugomvi wa kiti cha enzi haukuwa wao.

Mwaka uliofuata, kutoka Uingereza hiyohiyo, walikuja Pemba Wakristo wa Kanisa la Marafiki, wajulikanao pia kama Quakers. Walianzisha misheni Banani ili kuwasaidia waliotoka utumwani. Tangu 1660 Wakristo hao wamekataa kushika silaha katika vita vyovyote. Mwaka 1947 mashirika yao mawili, la Uingereza na la Marekani, yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuwahudumia walioumizwa na vita.

Utauliza: je, dhalimu aachwe tu? Ni swali la haki, na Wakristo wengi huamini kwamba upo wakati wa kumlinda mnyonge kwa nguvu. Lakini hata anayeamini hivyo hana ruhusa ya kumsahau Malko. Na kukataa silaha si kukaa kimya. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipoua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya, Marafiki wa magharibi mwa nchi hiyo walipeleka misaada kwa waliokimbia makazi yao, wakaketi na majirani waliokuwa hawatazamani usoni, na kuwasihi viongozi wa pande zote wazungumze.

Leo mama wa Goma anakimbia na mtoto mgongoni. Wenzake wengi wako kwetu Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa tangu 1996. Je, kanisani kwako wanaombewa? Wanachangiwa?

Utokapo ibadani leo, iwe Mkunazini au Minara Miwili, anza na lililo karibu. Ujumbe wa chuki ukifika kwenye simu yako, usiusambaze. Jirani wa dini nyingine au chama kingine akisemwa vibaya mbele yako, mtetee. Na mwenye madaraka akikuomba kura au sala, muulize atawalindaje wasio na silaha.

Petro alirudisha upanga wake kwa sababu aliambiwa na Bwana. Nasi tumeambiwa.

Jumapili njema.