Neno "Au" na Deni la Wanazuoni wa Sheria

Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, ikiongozwa na Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa urais uliokuwa umefanyika Agosti 8. Majaji wanne waliafiki uamuzi huo na wawili wakaupinga. Sababu kamili zilipotolewa Septemba 20, jirani yangu hapa Webuye, mzee aliyefundisha shule za msingi hadi akastaafu, alinijia na swali. "Daktari," akasema, "mimi siulizi nani alishinda. Nauliza hivi: ikiwa haikuthibitishwa kwamba hesabu ya kura ingembadilisha mshindi, uchaguzi umefutwa kwa sababu gani?"

Nilimjibu nilivyoweza, kisha nikatafuta jibu bora zaidi kwa mabingwa wa sheria. Maoni yao yalikuwa tele magazetini, katika mihadhara na kwenye runinga. La kusikitisha ni kwamba niliyoyapata yote yalikuwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Sikupata hata makala moja ya kumpelekea mzee yule.

Hali hiyo yashangaza zaidi tukizingatia kwamba sehemu kubwa ya mjadala wenyewe ilihusu neno dogo ambalo kila mtoto wa shule ya msingi analijua. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kilisema, kwa tafsiri yangu, kwamba uchaguzi hautabatilishwa kwa sababu ya kukiukwa kwa sheria ikiwa yaonekana kwamba uliendeshwa kwa kufuata kanuni za Katiba na za sheria hiyo, au kwamba ukiukaji huo haukuathiri matokeo. Majaji walio wengi walishikilia kwamba neno "au" lazitenga sehemu hizo mbili. Kwa hiyo, mlalamishi akithibitisha kwamba kanuni zilikiukwa vibaya, halazimiki kuthibitisha pia kwamba matokeo yaliathirika. Hilo ndilo jibu ambalo mzee wangu alistahili kupewa.

Lakini hapo ndipo mwalimu wa sarufi anapoinua mkono. Tuchukue mfano wa nyumbani. Mama amwambia mwanawe: "Hutaadhibiwa ikiwa umeosha vyombo au umefagia ua." Mtoto akifanya moja tu kati ya hayo mawili, ameokoka. Mama akisema "na" badala ya "au," hana budi kufanya yote mawili. Kwa kipimo hicho, "au" ya kifungu cha 83 yaelekea kuupa uchaguzi milango miwili ya kuokokea, ilhali Mahakama iliichukua kuwa milango miwili ya mlalamishi kuingilia. Mtetezi wa uamuzi ule naye ana hoja nzito. Sheria ya Bunge haiwezi kusomwa kinyume cha Katiba, na Kifungu cha 81 na cha 86 vya Katiba vyadai uchaguzi ulio huru, wa haki na unaoweza kuhakikiwa. Uchaguzi usiofuata hayo hauokolewi na hesabu peke yake.

Mwaka huo huo Bunge lilikirekebisha kifungu hicho, likaondoa "au" na kutia "na." Wengi walisema nia ilikuwa kuifanya kazi ya kubatilisha uchaguzi iwe ngumu zaidi. Msomaji na aurudie mfano wa mama, aone kama kiunganishi kipya kilitimiza nia hiyo au kiliipindua. Mnamo 2018 Mahakama Kuu iliyabatilisha marekebisho hayo.

Sikuyasema haya ili kumhukumu jaji wala mbunge. Nataka kuonyesha kwamba mjadala uliodaiwa kuwa wa mabingwa waweza kuingiwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mradi apewe lugha yake. Wala Mahakama ya Juu si jambo la Nairobi pekee. Uchaguzi wa seneta wa kaunti hii yetu ya Bungoma ulibatilishwa na Mahakama Kuu mjini Bungoma mnamo Septemba 2013, na kesi hiyo ikafika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake mwaka 2015.

Kifungu cha 7 cha Katiba chasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, Kifungu cha 259 chasema kwamba matoleo ya Katiba yakihitilafiana, la Kiingereza ndilo litakalotawala. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai nayo imekifanya Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa, na kukiruhusu Kiswahili katika mahakama za chini pekee. Basi mwananchi hukumbana na sheria kwa Kiswahili anaposhtakiwa, lakini maana ya sheria hiyo huamuliwa huko juu kwa lugha nyingine.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hiyo ni dhaifu. Katiba, sheria, hukumu, rufaa, wakili, hakimu, dhamana: yote haya ni maneno yetu, na baadhi yao yalitumika mbele ya makadhi wa pwani kabla ya Mwingereza kufungua mahakama yake. Istilahi huzaliwa na matumizi, haitangulii matumizi. Jirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hawakungoja kamusi ikamilike.

Yafaa basi kila mwanazuoni wa sheria anayeandika makala ya Kiingereza kuhusu uamuzi wa Mahakama ya Juu aandike na ya Kiswahili. Yafaa pia Idara ya Mahakama itoe muhtasari wa Kiswahili wa kila uamuzi mkubwa siku ile ile unaposomwa. Nanyi walimu wenzangu, mnapofundisha viunganishi, msiishie kwenye sentensi za Juma na Asha. Waandikieni wanafunzi kifungu cha 83 ubaoni, wabishane.

Mzee wangu hakuhitaji kuambiwa akubali uamuzi au aukatae. Alihitaji kuuelewa ili aamue mwenyewe. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Kwa miaka mingi neno la Katiba limeachiwa wachache, na hilo ndilo deni ambalo wanazuoni wetu hawana budi kulilipa.