Damu yetu, dawa yao: maabara ya Kinshasa inatufunza nini?

Kila Ebola inapozuka barani Afrika, sisi tulio nje hupata habari zake kupitia televisheni za wakubwa. Huonyeshwa wataalamu wa kigeni waliojifunika kuanzia utosini hadi unyayoni, na Mwafrika akionekana basi aghalabu ni mgonjwa, au ni maiti. Ni nadra kuonyeshwa Mwafrika aliyevaa koti jeupe, akiwa kazini katika maabara ya nchi yake.

Ndiyo maana leo tumeona tuizungumzie Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Biolojia ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, INRB. Taasisi hiyo ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1984 kwa msaada wa Ufaransa, na mwaka 1998 uongozi wake alikabidhiwa Profesa Jean-Jacques Muyembe. Historia yake, na ya profesa huyo, inatuonyesha jambo moja: kujua tunajua, ila kumiliki hatumiliki.

Tuanzie 1976. Muyembe, wakati huo daktari kijana aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Ubelgiji, alitumwa Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ambako watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glavu. Damu ya mtawa mmoja aliyeletwa Kinshasa ilisafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, kisha maabara za Uingereza na Marekani zikaingia kazini. Huko ndiko virusi vilikotambuliwa, kisha vikapewa jina la mto Ebola. Kati ya wagonjwa 318, watu 280 walifariki. Sifa zikawaendea wenye darubini, na aliyehatarisha roho yake kuifuata damu akasahauliwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1995 Ebola iliupiga mji wa Kikwit. Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha pona, na 7 kati yao wakanusurika. Wataalamu wa nje hawakukubali, wakisema hapakuwa na kundi jingine la wagonjwa la kulinganisha. Hoja yao kisayansi ilikuwa na msingi, lakini wazo halikufa. Mwaka 2006 ilichukuliwa damu ya mtu mmoja aliyenusurika Kikwit miaka 11 kabla, na kutokana na damu hiyo watafiti wa Marekani na Uswisi wakapata kingamwili waliyoiita mAb114.

Hapa sasa ndipo mambo yanapofika kwa wasemaji wa Kiswahili wenzetu. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, ikaenea hadi Ituri. Mangina, Beni, Katwa, Butembo: majina haya yalisikika duniani kote. Katikati ya vita, INRB na taasisi za afya za Marekani ziliendesha jaribio la dawa nne kuanzia Novemba 2018. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, na Aprili 2019 daktari kutoka Kameruni aliuawa Butembo. Pamoja na hayo, wagonjwa 681 waliandikishwa katika jaribio hilo.

Agosti 2019 majibu yalitoka. Katika kundi lililopewa dawa ya zamani, nusu ya wagonjwa walifariki. Katika kundi la mAb114, iliyotokana na damu ya Kikwit, walifariki kama asilimia 35, na dawa nyingine ya Marekani ilitoa matokeo yanayokaribiana na hayo. Kwa waliokuwa na virusi vichache mwilini, vifo vilishuka hadi karibu mmoja katika kumi. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287, lakini kwa mara ya kwanza dunia ilikuwa na dawa ya Ebola.

Swali letu ni hili: dawa hiyo ni ya nani? Damu ilitoka Kikwit, na wagonjwa walioithibitisha walitoka Beni na Butembo. Leseni ya kuitengeneza ilipewa kampuni ya Florida, Ridgeback Biotherapeutics, na Desemba 2020 Marekani ikaiidhinisha. Sehemu kubwa ya akiba ikawekwa katika maghala ya Marekani kwa ajili ya usalama wake. Madaktari Wasio na Mipaka wamelalamika kuwa katika milipuko iliyofuata wagonjwa wengi wa Afrika hawakuzipata dawa hizo mbili.

Hatusemi kwamba Wamarekani waliiba. Waliweka fedha na ujuzi ambao bila huo damu ile ingebaki kuwa damu tu. Tunachosema ni kwamba aliyelipa ndiye aliyeandika masharti, nasi hatukuwa na cha kuweka mezani isipokuwa wagonjwa wetu.

Mambo yakajirudia kwa ugonjwa wa mpox. Binadamu wa kwanza kujulikana kuugua alipatikana Kongo mwaka 1970. Ulipoenea Ulaya na Marekani mwaka 2022, wananchi wa huko walichanjwa. Kongo, ambako ugonjwa ulikuwa umeua watu kwa miongo kadhaa, ilipokea shehena yake ya kwanza ya chanjo Septemba 2024, baada ya aina mpya ya virusi kuonekana Kamituga, Kivu Kusini, na kuvuka mipaka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya.

Profesa Muyembe aliliona hilo mapema. Mwaka 2019 alieleza uamuzi wake kwamba sampuli za Ebola zinazokusanywa Kongo zibaki Kongo, na mwaka 2020 INRB ilipata jengo jipya lenye maabara za kisasa. Tunampongeza. Lakini hata jengo hilo la kujitegemea lilijengwa na Japani!

Wapo watakaosema sampuli hatari hazifai kukaa katika nchi yenye vita. Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilionya kuhusu maabara ya INRB mjini humo, umeme ukiwa umekatika. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini wa kulaumiwa ni wenye bunduki, si wenye maabara. Maabara ya aina hiyo ilindwe kama hospitali inavyopaswa kulindwa, kwa sababu virusi vikitoka havitauliza nani ni wa upande gani.

Na Kongo haiko peke yake. Tanzania ina NIMR na Kenya ina KEMRI, zote zilizaliwa kwa sheria za mwaka 1979. Uganda ina taasisi ya Entebbe, ambako virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947. Wataalamu tunao. Ila mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijafika hapo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tafiti nyingi barani zilikwama kwa siku chache tu. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa maoni yetu, yako mambo matatu ya kufanya. Kwanza, pasiwe na sampuli inayopanda ndege kabla ya mkataba kutiwa saini, unaosema dawa au chanjo itakayopatikana itarudi vipi, kwa bei gani, na akiba itakaa wapi. Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba kuhusu magonjwa ya mlipuko, lakini suala hili la kugawana faida likaachwa lijadiliwe baadaye. Viongozi wetu wasije wakalala hapo.

Pili, serikali zetu zitenge fedha za utafiti kila mwaka, hata kama ni kidogo. Mwenye mchango katika chungu hunyoosha mkono bila kuona haya.

Tatu, sisi tulio ughaibuni. Tunalipa kodi katika nchi ambazo maghala yao yana dawa hizo, na baadhi yetu tunapiga kura huko. Tuwaandikie wabunge wetu tuwaulize: dawa iliyotokana na damu ya mtu wa Kikwit, kwa nini mtoto wa Kongo aikose? Swali hilo sisi tunaweza kuliuliza pale pale inapofanywa kura ya bajeti, na kwa lugha wanayoielewa. Tusipouliza sisi, hatuoni ni nani mwingine atakayeuliza.