Daftari Bila Masimulizi ni Orodha ya Majina Tu

Juzi usiku umeme wa hosteli ulikatika, wote tukakimbilia vimbwetani. Mwenzetu mmoja akatuonyesha kwenye simu kipande cha kipindi cha televisheni cha Uingereza. Mwigizaji Danny Dyer, mtoto wa mashariki ya London, anaambiwa kwamba ukoo wake ukipandishwa kizazi baada ya kizazi unafika kwa Mfalme Edward III. Jamaa haamini masikio yake. Mwenzetu akazima simu, akasema, "Mnaona? Wenzetu wana maandishi. Sisi tuna hadithi za bibi tu." Karibu kila mtu aliitikia. Mimi sikuitikia, na naomba nieleze kwa nini.

Kwanza tumalizane na mfalme. Kila mtu ana wazazi wawili, babu na bibi wanne, na wa juu yao wanane. Endelea kuzidisha kwa mbili hivyo hivyo, ukifika kizazi cha 20 una nafasi zaidi ya milioni moja za kujaza. Kwenye umati huo, mfalme mmoja kujitokeza si muujiza. Ajabu yenyewe ni yule kibarua wa shamba wa kijijini, asiyejua kusoma, asiye na ardhi, ambaye leo kitukuu wake anamkuta kwa jina lake. Nani alimwandika? Na alimwandika kwa nini?

Hapa ndipo tunapojidanganya. Tunadhani wanakijiji wa Kiingereza walikaa wakaandika historia zao. Wapi! Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko, na litunzwe ndani ya sanduku lenye kufuli. Wanakijiji hawakushangilia. Walinong'onezana kwamba hiyo ni njia ya kuwatoza kodi mpya. Mwaka 1598 ikatoka amri kwamba kumbukumbu za zamani zilizokuwa kwenye karatasi zinakiliwe kwenye ngozi ili zidumu, hasa zile za tangu Malkia Elizabeth alipoanza kutawala mwaka 1558. Unajua makarani wengi walifanyaje? Walilishika hilo neno "hasa", wakaanzia 1558, na ya nyuma wakayaacha. Ndiyo maana madaftari mengi ya vijiji vya Uingereza yanaanza mwaka huo huo. Uvivu wa kunakili haukuanzia kwenye madesa yetu.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1662 kuhusu makazi ya maskini. Kila parokia ililisha maskini wake, kwa hiyo kila parokia ilitaka uhakika kwamba maskini fulani ni wake kweli na si wa jirani. Mtu aliyeonekana anaweza kuja kuwa mzigo aliitwa mbele ya mahakimu, akaulizwa: ulizaliwa wapi, ulifanya kazi kwa nani, kwa muda gani, ulipanga wapi? Majibu yakaandikwa. Ikionekana si wa hapo, anasindikizwa kurudi kwao. Msichana mwenye mimba asiye na mume alibanwa amtaje baba wa mtoto, ili huyo baba alipe na parokia isilipe. Leo karatasi hizo ni dhahabu kwa mtafuta ukoo. Mara nyingine fukara amebaki na maelezo marefu ya maisha yake kuliko mkulima aliyejitosheleza. Lakini tusisahau kwamba aliandikwa kwa sababu alikuwa gharama.

Sasa angalia yale ambayo karani hakuyajali. Daftari la kanisa linaandika ubatizo, si kuzaliwa. Mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa anaweza asionekane kabisa. Hadi mwaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Januari 1700 kwa daftari, kwa hesabu yetu ni wa Januari 1701. Mtafiti asiyelijua hilo atashangaa kuona maziko yamekuja kabla ya ubatizo. Sensa ya mwaka 1841, ya kwanza kutunza majina ya watu wa nchi nzima, iliwashusha watu wazima umri hadi tarakimu ya tano ya karibu: mwenye miaka 39 akaandikwa 35. Kazi ya kibarua wa shamba nayo ikafupishwa kuwa herufi chache, kwa maana walikuwa wengi mno. Sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales yote iliteketea kwa moto mwaka 1942. Na kubwa kuliko yote: tangu usajili wa serikali ulipoanza mwaka 1837, cheti cha ndoa kilikuwa na nafasi ya jina na kazi ya baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi. Mama hakuwa na nafasi. Nafasi hiyo imekuja kupatikana Mei 2021, wengi wetu tukiwa tayari tuko shule. Haya ndiyo maandishi tunayoyaonea wivu.

Kuna kijiji kimoja huko Shropshire, karibu na mpaka wa Wales, kinaitwa Myddle. Hakina vita maarufu wala kasri la kutajwa sana. Lakini kina ukoo mwingi unaojulikana kwa undani ambao vijiji vingi vya Uingereza havina, na sababu ni mzee mmoja. Richard Gough alizaliwa parokia hiyo mwaka 1635. Alipofikisha miaka 66 hivi, mwaka 1701, alichora ramani ya mabenchi ya kanisa lao. Wakati ule benchi lilikuwa mali ya shamba au nyumba: wenye mashamba makubwa mbele, wenye vibanda nyuma. Mzee akaanza benchi moja baada ya jingine, akasimulia kila ukoo uliolikalia: nani alimzaa nani, nani alioa wapi, nani alirithi, nani alifilisika.

Hakuficha. Kuna mwanamke aliyeipenda pombe hadi mumewe akalipa deni la kilabuni la pauni 10 kwa mkupuo mmoja. Kuna vijana 20 wa vitongoji vitatu vya pale waliokwenda kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640, na 13 kati yao wakafa. Askari aliyefia mbali haingii kwenye daftari la maziko la kijiji chake. Gough alikuwa mtoto wakati huo, na miaka karibu 60 baadaye bado aliwakumbuka. Hakuna karani aliyemtuma. Alisoma hati za mashamba, ndiyo, ila sehemu kubwa ya utamu wake ni yale aliyosikia kwa wazee na aliyoyaona kwa macho. Kwa lugha yetu: hadithi za bibi.

Mlinganishe na Cattelena. Huyu alikuwa mwanamke mweusi, hajaolewa, aliyeishi kijiji cha Almondsbury karibu na Bristol na kufa mwaka 1625. Tunamjua kwa sababu alipokufa watu waliorodhesha mali zake ili zithaminiwe. Mali yake ya thamani kuliko zote ilikuwa ng'ombe mmoja. Miaka 400 iliyopita, mwanamke mwenye asili ya Afrika, katika kijiji cha Kiingereza, na ng'ombe wake mwenyewe! Ningetoa bumu langu lote la muhula kujua mama yake alimwitaje. Orodha haisemi. Waliohesabu vyombo vyake walitaka kujua bei, si asili. Hakupata Gough wake, mtu wa kusema "yule wa benchi la nyuma, kwao ni mahali fulani, alifika hapa hivi." Maandishi anayo. Historia yake hana.

Najua mtakachosema, hasa nyie wa idara ya historia: masimulizi yanadanganya. Kweli kabisa. Wazee husahau, hupamba, huficha watoto wa nje na hujiongezea machifu kwenye ukoo, kama vile Waingereza wanavyojiongezea wafalme. Lakini dawa yake si kuyatupa, ni kuyapima. Mwanahistoria David Hey alipoandika kitabu chake kuhusu Myddle mwaka 1974, alimweka Gough sambamba na madaftari ya kanisa, wosia na hati nyingine. Daftari linatoa tarehe, mzee anatoa sababu. Daftari linasema walioana Oktoba. Mzee anasema baba mtu aligoma kuhudhuria. Ukiwa na kimoja bila kingine, unacheza ngoma kwa mguu mmoja.

Kwa hiyo kwa mwenzangu wa vimbwetani nina jibu hili. Mwingereza hakuhifadhiwa kwa sababu mababu zake walikuwa werevu kuliko wetu. Alihifadhiwa na karani wa kanisa, mtoza kodi na hakimu wa maskini, kila mmoja kwa shida zake. Mkondo wa pili, ule wa Gough, ulihitaji kalamu, karatasi, na mtu mmoja aliyejali majirani zake kiasi cha kutaka wasipotee. Hivyo vitu vitatu, mimi na wewe tunavyo. Simu yako peke yake inarekodi kuliko Gough alivyoweza kuota.

Likizo inakaribia. Wengi tutarudi nyumbani, tutalala hadi saa nne, tutalalamika kwamba bando halishiki. Ushauri wangu ni mdogo tu. Usimwulize babu "tueleze historia ya ukoo", atakupa hotuba ya harusini. Fanya alivyofanya mzee wa Myddle: anza na mahali. Chora ramani ya mtaa, au ya msikiti, au ya kanisa, au ya ile miembe ya kijijini alipokulia. Kisha uulize: hapa alikaa nani? Na baada yake? Huyu alikwenda wapi? Mama yake alikuwa nani? Andika jina la mama. Waingereza wamechukua miaka 184 kulipa nafasi kwenye cheti. Wewe unaweza kulipa nafasi jioni moja.